Maji ya chupa ya chini ya kitanda: kumtunza mgonjwa mwenye mrija kifuani

Swali ninaloulizwa kuliko yote wodini ni la ile chupa. Mama anakuja asubuhi na uji kwenye chupa ya chai, anamkuta kijana wake katobolewa ubavuni, mpira umetoka hapo umeshuka mpaka kwenye chupa iliyoko sakafuni, na chupa ina maji. Anakuvuta pembeni, anauliza kwa sauti ya chini, "Sista, haya maji yote yametoka kwa mwanangu?" Nikimwambia hapana mama, maji tumeyaweka sisi wenyewe hata kabla mrija haujaingia, ndio anachanganyikiwa kabisa, maana yeye anajua chupa ni ya kukusanyia uchafu, sasa maji ya nini tena?

Na mama yuko sahihi kuuliza, kwa sababu jibu la hilo swali ndio kazi yote. Ukishaelewa yale maji yanafanya nini, karibu kila kitu kingine kuhusu mgonjwa wa chesti tyubu, yaani huo mrija wa kifuani, unaweza kukifikiria mwenyewe. Usipoelewa utakariri masharti kumi na tano, na siku mambo yakiharibika utakumbuka kumi na nne ukasahau lile moja linalotakiwa. Naandika kwa ajili ya ndugu wanaokaa na wagonjwa, wanafunzi wa unesi, na wenzetu wa vituo vya afya vya visiwani na vya huku pembezoni wanaotuletea wagonjwa Mwanza mjini.

Wanaowekewa mrija ni wengi na wana sababu tofauti. Bodaboda kagongana na daladala, mbavu zimevunjika, ncha ya mbavu imetoboa pafu, hewa inavujia kifuani. Mwingine kachomwa kisu, kifua kimejaa damu. Kuna wa kifua kikuu aliyejaa maji upande mmoja, kuna mtoto aliyeugua nimonia ikageuka usaha, kuna mama mwenye kansa ya titi iliyofika kwenye mapafu. Wote ukiwaangalia kwa mbali wana kitu kimoja, mpira na chupa, lakini kinachotoka ni tofauti, na hiyo tofauti kati ya hewa na kimiminika ishike vizuri kwa sababu huko mbele tutaihitaji sana.

Tuanze na kifua chenyewe. Pafu halina msuli wa kulitanua, linafuata tu ukuta wa kifua unakoenda. Limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando wake, na katikati ya hizo tando mbili kuna maji kidogo sana, kama kijiko kimoja cha chakula hivi kwa mtu mzima. Chukua vioo viwili, vilowanishe, vibandike pamoja: vinateleza kimoja juu ya kingine lakini kuvibandua ni kazi. Ndivyo pafu lilivyonata kwenye kifua. Presha ya hapo katikati muda wote iko chini kuliko ya hewa ya nje, na mtu akivuta pumzi inashuka zaidi. Kwa hiyo tundu lolote likitokea, liwe la kisu kwa nje au la mbavu kwenye pafu lenyewe, hewa inafyonzwa kuingia pale kati, vile vioo vinabanduka, na pafu linanywea kama puto lililoachiwa. Damu, maji au usaha vikijaa hapo navyo vinalisukuma pafu lisijae.

Sasa tatizo la daktari ni hili: anataka kuitoa hiyo hewa, lakini akitoboa tu akaacha wazi, mgonjwa akivuta pumzi hewa nyingine inaingia kwa tundu lile lile. Anahitaji mlango unaofunguka upande mmoja tu. Huo mlango ndio maji.

Kama unataka kuuona kwa macho, chukua mrija wa soda na glasi ya maji. Tumbukiza ncha kidogo, puliza: mapovu yanatoka, hewa imepita. Sasa vuta: unapata maji, hewa ya nje haipati njia ya kuingia. Basi hiyo ndiyo chupa nzima. Ndani kuna kijiti kirefu kilichounganishwa na mpira wa mgonjwa, ncha yake imezama sentimita 2 hivi kwenye maji safi yaliyotakaswa au seline, yale maji ya chumvi ya hospitali. Hewa ya kifuani inapita inatoa mapovu, haiwezi kurudi. Mgonjwa akivuta pumzi maji yanapanda kidogo kwenye kijiti, na kwa kuwa chupa iko chini sana kuliko kifua hayawezi kupanda njia yote mpaka kifuani. Kwenye mfuniko kuna kijitundu kingine kifupi ambacho hakigusi maji, hicho ni cha kutolea hewa nje na kinatakiwa kiwe wazi muda wote. Nimewahi kukuta mtu kakiziba kwa plasta akidhani anazuia vijidudu, kumbe kafunga mlango.

Hii akili ina zaidi ya miaka mia. Daktari mmoja wa Hamburg, Ujerumani, Gotthard Bülau, aliiandika mwaka 1891, yeye alikuwa anatibu wagonjwa wa usaha kifuani. Lakini wengi waliendelea kupasua kifua na kuacha wazi usaha utoke, mpaka wakati wa vita kuu ya kwanza na ile homa ya mafua ya 1918, wanajeshi wa Marekani kambini wakawa wanapata usaha kifuani baada ya nimonia na karibu watatu katika kila kumi wanakufa. Timu ya madaktari aliyokuwemo daktari wa upasuaji Evarts Graham ikachunguza ikaona kinachowaua wengi ni ule upasuaji wa mapema wenyewe, yaani kifua kikiachwa wazi kabla pafu halijashikana na ukuta, hewa inaingia na mtu anakosa pumzi. Wakahamia kutoa usaha kwa njia iliyofungwa, vifo vikashuka mpaka chini ya asilimia 5. Vijidudu vilikuwa vilevile, usaha uleule, kilichobadilika ni kuizuia hewa isiingie.

Kwa hiyo nesi ukiingia zamu, kabla ya kuangalia chupa imejaa kiasi gani, mwangalie mtu. Anapumua mara ngapi, anaongea sentensi nzima au anakatiza, midomo ina rangi gani, kile kimashine cha kidoleni cha kupimia oksijeni kinasema nini, kifua kinapanda pande zote mbili au kimoja kimelala. Halafu ndio uteremke na macho yako kwenye jeraha, mpira, maungio, mpaka chini kwenye chupa. Saa ya kwanza baada ya kuwekewa mrija mimi nampitia kila dakika 15, baadaye kila saa, akitulia kila saa nne.

Kwenye chupa unaangalia vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza ni maji kucheza kwenye kijiti: anavuta pumzi yanapanda, anatoa pumzi yanashuka. (Aliyeko kwenye mashine ya kupumulia ni kinyume, maana mashine inasukuma hewa badala ya yeye kuvuta.) Maji yakicheza maana yake njia iko wazi kutoka kifuani mpaka chupani. Yakiacha kucheza kuna mawili, ama pafu limejaa vizuri limeziba matundu ya mrija, hiyo ni habari njema, ama mrija umeziba, umekunjwa, au mgonjwa kaulalia. Usikimbilie ile habari njema. Fuata mpira kwa mkono kutoka ngozini mpaka chini, mgeuze mgonjwa, mwambie akohoe, angalia tena, na kama mgonjwa anahema vibaya na maji yametulia tuli, mwite daktari sasa hivi.

Cha pili ni mapovu. Mapovu ni hewa inayotoka. Kwa mtu mwenye hewa kifuani ni jambo la kutegemewa, mwanzoni mengi, baadaye akikohoa tu, baadaye hayapo. Lakini kama mgonjwa alikuwa wa maji ya TB, hakuwa na hewa, na ghafla chupa inachemka kama sufuria jikoni, basi kuna mahali hewa inaingia. Kagua maungio yote. Unaweza kubana mpira kwa klempu, kile kikoleo cha kubania, karibu na kifua kwa sekunde chache tu: mapovu yakikata, hewa inatokea kifuani au pembeni ya jeraha, yakiendelea, uvujaji uko kwenye mipira au chupa yenyewe. Ukishajua, achia hapo hapo.

Pita na vidole kuzunguka jeraha pia. Hewa ikipenya chini ya ngozi unaisikia kwa vidole kabla ya kuiona. Yeyote aliyewahi kubonyeza mfuko wa dagaa wakavu pale soko la samaki la mwaloni Kirumba anaijua ile hali, vitu vidogo vinavunjikavunjika chini ya vidole, basi ni hivyo hivyo, ila hapa ni ngozi ya mtu. Chora kwa kalamu mwisho wake ulipo uone kama unasogea, na ukifika shingoni au usoni hiyo sio ya kusubiri raundi ya asubuhi.

Sasa niongelee kuinua chupa, kwa sababu hili linatokea kwenye wodi zetu kila alfajiri. Saa kumi na moja na nusu dada wa usafi anaingia na ndoo na mopu, anaomba vitu vyote vitoke sakafuni. Ndugu aliyelala pale chini kwenye mkeka anakunja mkeka, anabeba viatu, beseni, na kwa wema wake wote anaibeba na chupa anaiweka kitandani pembeni ya mgonjwa. Siku moja niligeuka nikaona chupa ya nusu lita na zaidi imekaa juu ya mto, juu kuliko kifua, na maji mekundu yanateremka kwenye mpira kuelekea ubavuni kwa yule kijana. Wanaotumia boti za injini au waliowahi kuishiwa mafuta njiani wanajua kunyonya petroli kwa mpira: mpira ukishajaa, mafuta yanakimbilia kile chombo kilicho chini, hujali kilikuwa cha kwanza au cha pili. Kifua kikiwa juu chupa inapokea, chupa ikiwa juu kifua ndio kinapokea, tena kinapokea maji ya chupa yenye damu ya jana. Niliishusha, nikamsikiliza kifua, nikamwita daktari wa zamu, kijana hakupata shida kubwa ila alikohoa sana na mama yake alilia akijilaumu. Kosa halikuwa la mama. Hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo kila ndugu wa mgonjwa wangu namwonyesha kwa mkono: chupa isipande juu ya kiuno cha mgonjwa, awe amelala, amekaa, au anaenda chooni. Na dada wa usafi naye namwambia, yeye ndiye anaishika kila siku. Tunaiweka ndani ya dumu la lita 5 lililokatwa juu ili isipinduke, na mpira unakuwa na urefu wa kumwezesha kugeuka bila kuning'inia kitanzi, kwa sababu kitanzi kikijaa maji kinakuwa kizuizi na hewa inashindwa kupita.

Na klempu. Hapa ndipo watu wanapotea kabisa, kwa sababu wanasikia mkubwa mmoja anasema "usibane kamwe" na mwingine anasema "bana sasa hivi", na wote wawili wako sahihi.

Nilianzia kazi kwenye kituo kimoja kisiwani. Tulimpata mvuvi aliyeteleza akaangukia ukingo wa mtumbwi, mbavu mbili zimevunjika, hewa kifuani, tabibu akamwekea mrija na chupa ikatoa mapovu mazuri tu. Ikaamuliwa aje Mwanza. Ziwa lilikuwa na mawimbi, tukaogopa chupa itapinduka kwenye boti, nikabana mpira kwa klempu mbili, nikaona nimefanya jambo la maana. Hatujafika hata nusu ya safari akaanza kuhangaika, akaning'ang'ania mkono, jasho jembamba, mishipa ya shingo imesimama kama kamba, ule upande wa mbavu umevimba na hausogei. Mimi nilikuwa naangalia dripu. Tabibu tuliyekuwa naye aliinama akazifungua klempu zote mbili, na chupa ikachemka kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye gauni langu. Dakika chache baadaye yule mzee akaweza kuongea, akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nazama na maji sijayagusa."

Kilichotokea ni hiki. Pafu lake lilikuwa na tundu, na kila pumzi ilikuwa inasukuma hewa mpya kwenye ile nafasi. Mpira ukiwa wazi hewa inatokea chupani. Nilipobana, hewa iliendelea kuingia, njia ya kutoka hakuna, ikajikusanya mpaka ikalibana pafu lote, ikausukuma moyo upande wa pili na kuikaba mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni. Damu isiporudi moyo hauna cha kusukuma, na mtu anakufa kwa dakika, hata masaa hayahitajiki. Kwa hiyo mrija unaotoa mapovu haubanwi. Sio safarini, sio akienda kupiga picha ya eksirei, sio akienda kuoga. Ukilazimika kubadilisha chupa, unatayarisha mpya kwanza kila kitu, unabana, unahamisha, unaachia, ni sekunde chache, na unaachia kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Sasa yule aliyejaa maji ya TB au ya kansa ni habari nyingine. Pafu lake limekandamizwa kwa wiki au miezi. Mrija ukiingia maji yanakimbia, ndugu anafurahi anahesabu lita, lakini pafu lililolala muda mrefu likifunguliwa ghafla lenyewe linavuja na kujaa maji kwa ndani. Mgonjwa anaanza kukohoa mfululizo, kifua kinambana, oksijeni inashuka, wakati mwingine anatoa povu la pinki. Ndio maana zikishatoka kama lita 1 mpaka 1.5 tunasimamisha, tunabana kwa muda alioagiza daktari kisha tunaachia tena kidogo kidogo, na akianza kukohoa au kuumwa kifua tunasimama hata kama haijafika lita. Hapa klempu inaokoa, kwa sababu maji hayasukumwi kila pumzi kama hewa, yanaweza kungoja. Kwa hiyo kabla ya kushika klempu jiulize kinachotoka ni hewa au ni maji. Na hata huyu wa maji, akibanwa kisha akaanza kuhema, unafungua kwanza, maswali baadaye.

Damu nayo ina hesabu yake. Ikitoka mililita 1500 pale pale mrija unapoingia, au ikiendelea mililita 200 kwa saa kwa masaa mawili mpaka manne, huyo anahitaji daktari wa upasuaji, kuna mshipa unaovuja ambao mrija hautauziba. Na damu iliyokuwa inatoka vizuri ikakata ghafla huku mapigo ya moyo yanapanda, usiandike "imepungua", inawezekana imeganda ndani ya mrija na inaendelea kujaa kifuani. Kukamua mpira kwa nguvu kwa kuuvuta na vidole urefu wote tumeshaacha, unatengeneza mvuto mkubwa sana ndani ya kifua na unaumiza pafu.

Kuhesabu kunaonekana jambo dogo lakini nimeona wagonjwa wakikaa na mrija siku za ziada kwa sababu ya hesabu. Chupa imeanza na maji mililita 500. Asubuhi inasoma 820. Mgonjwa katoa 320, sio 820. Zamu inayofuata inasoma 900, katoa 80. Kama wa kwanza kaandika 820 na wa pili kaandika 900, daktari anasoma chati anaona mtu ametoa karibu lita mbili kwa siku. Bandika plasta ubavuni mwa chupa, chora mstari, andika saa na tarehe, na zamu mbili zikikabidhiana wainame wote wawili waangalie mstari mmoja. Andika na rangi pia: damu, maji ya njano, usaha, au maziwamaziwa. Halafu kumbuka chupa ikijaa, kile kijiti kilichokuwa kimezama sentimita 2 sasa kimezama sentimita 10, na mgonjwa mwenye hewa anatakiwa kusukuma sentimita zote hizo kila akitoa pumzi. Chupa hiyo badilisha hata kama haijafika shingoni.

Kuhusu maumivu nina msimamo na siuachi. Mpira mnene kama kidole cha mtoto unapita kati ya mbavu mbili, na kila pumzi mbavu zinausugua. Mgonjwa mwenye maumivu anajifunza kuvuta pumzi fupi fupi, hakohoi, hageuki, makohozi yanatuama, na yule aliyekuja kwa ajali anaondoka na nimonia. Wazee wengi ukiwauliza "unaumwa?" watakujibu "sijambo mwanangu". Usimuulize, mwambie avute pumzi ndefu na akohoe umtazame uso. Dawa ya maumivu mpe kwa saa zake, sio mpaka aombe, na mpe nusu saa kabla ya mazoezi. Mazoezi yenyewe hayahitaji kifaa: akae ameegemea mito, avute pumzi ndefu aishikilie kidogo, mara kumi kila saa akiwa macho, akikohoa akumbatie kanga iliyokunjwa kwenye ubavu. Mkono wa upande wenye mrija auinue, achane nywele, ajinyooshe, maana wengi wanaubana ubavuni siku kumi na bega linakakamaa. Na atembee, chupa mkononi chini ya kiuno, hadi dirishani akaangalie ziwa na kurudi. Pafu linajaa haraka kwa anayetembea.

Sasa mambo ya dharura, haya yajue kabla. Maungio yakiachana, mwambie mgonjwa atoe pumzi, safisha ncha, unganisha. Chupa ikipasuka, tumbukiza ncha ya mpira sentimita 2 kwenye chupa yoyote ya maji yaliyotakaswa iliyo karibu, kama hakuna basi hata maji ya kunywa ya dukani ambayo hayajafunguliwa mpaka upate chupa nyingine, na usibane ukaenda kutafuta. Mrija ukichomoka wote, ziba tundu kwa gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, na kiganja chako, wakati huo huo unaita msaada, gozi ubandike pande tatu ili hewa ya ndani ipate pa kutokea, na usijaribu kuurudisha ule uliochomoka.

Wa Sengerema na Geita siku hizi wanavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, lakini wa Ukerewe na visiwa vingine bado wanakuja kwa maji. Kama unamsafirisha, chupa iwe wima, imefungwa isiyumbe, chini ya kifua, mpira wazi. Beba chupa ya pili yenye maji tayari. Nesi akae upande anaoiona chupa, asiwe mbele na dereva.

Mrija unatoka pale picha inapoonyesha pafu limejaa, mapovu hayajaonekana kama masaa 24 hata akikohoa, na kimiminika kimepungua, madaktari wengi wanataka kiwe chini ya mililita 200 kwa siku. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anafunga uzi na gozi. Kinachoogopwa ni mgonjwa kuvuta pumzi wakati mrija unapita, kwa hiyo mfundishe kwanza, mjaribu mara mbili tatu: wengine wanamwambia atoe pumzi yote abane, wengine avute ashikilie ajikamue, yote inafanya kazi mradi ameelewa. Ukivuta, vuta kwa mkupuo mmoja. Kisha picha nyingine, na masaa ya mwanzo mtazame kama ulivyomtazama siku ya kwanza.

Akienda nyumbani jeraha likae kavu, nyuzi zitoke baada ya siku 7 mpaka 10 hivi, na akisikia pumzi inakata, homa, au jeraha linatoa maji au usaha arudi bila kusubiri tarehe ya kliniki. Wa TB aendelee na dawa mpaka mwisho, kutoka kwa maji sio kupona. Aliyekuwa na hewa kifuani asipande ndege kwenda Dar mpaka picha ionyeshe imeisha na wiki moja ipite baada ya hapo.

Na mvuvi lazima aulizwe kazi yake ikoje, sio umwandikie tu "apumzike". Kurudi kuvuta nyavu atarudi mbavu zikishaunga. Ila wapo wanaozama kunasua nyavu chini, na yule ambaye hewa ilimwingia kifuani yenyewe bila ajali huyo kuzama basi, maana anaweza kupasuka tena akiwa chini, na akipanda juu hewa ile inatanuka ndani ya kifua. Hilo namwambia mbele ya mke wake au mwenzake wa mtumbwi, tena kabla hajavaa viatu vya kuondokea.